Mbwa Aliyenona

Niliporudi Kendu Bay, safari hiyo nikitoka Kegonga nilikokuwa nikiuza chumvi na sabuni, Uhuru ulikuwa bado mpya. Kitu cha kwanza nilichokiona nyumbani kwa kaka yangu kilikuwa mbwa. Alikuwa amenona. Kaka mwenyewe alikuwa amekonda hadi shati linamning'inia.

"Omera, ndugu yangu," nilimtania, "siku hizi mwenye boma ni nani, wewe au mbwa?"

Alicheka, kisha akashika kifua.

Jioni nilielewa. Alikula nje, peke yake, ametupa mgongo. Tonge la ugali lilimkwama njiani, na mengine akamtupia mbwa chini ya kiti. Kwetu mwanamume akiacha chakula, watu huuliza mkewe ametia nini. Kaka aliona heri njaa kuliko mkewe aulizwe hivyo.

Tulimpeleka hospitali Homa Bay, mimi na shemeji. Walimnywesha dawa nyeupe, nzito kama chokaa, wakampiga picha. Daktari aliiinua dirishani. Njia ya chakula ilikuwa imebanwa, imebaki kama uzi. Saratani.

"Nairobi kuna tiba ya mionzi," alisema. "Ni kama mwanga usioonekana, unaunguza uvimbe. Lakini inataka ugonjwa ukiwa mchanga. Ulianza lini?"

"Wiki jana," kaka alisema upesi.

Daktari aliendelea kuitazama picha.

"Tangu mavuno ya mtama," shemeji alisema polepole. "Nilikuwa namwona mbwa."

Kaka alimgeukia. "Ulijua?"

"Kwani ule uji wa asubuhi ulidhani nampikia nani?"

Daktari alisema tumechelewa. Tukarudi nyumbani. Kaka akanywa uji, baadaye maji, baadaye hata mate yakamshinda. Usiniulize tulivyokuwa tukimtazama.

Baada ya mazishi, shangazi yetu aliuliza mbele ya wote, "Nani alikuwa anampikia?"

Shemeji aliinamisha kichwa. Ningewaeleza nini? Picha ile hawakuiona, na mionzi hawajawahi kuisikia. Nikamwita mbwa.

"Huyu alikula chakula cha chungu kile kile," nilisema. "Mtazameni."

Walimtazama. Shangazi akajifunga kanga upya.

Niliondoka tena, nimezoea kuondoka. Lakini popote nilipo, nikimwona mtu anamtupia mbwa tonge, namuuliza kama anameza vizuri. Wengi hunicheka.