Mahali pa Kulala Watu Wanne

Msimu ule nyumba yetu ya Rumonge ilinuka mawese na dawa ya macho. Mawese tulikuwa tumeyazoea. Wakati wa mavuno mji mzima ulichemsha chikichi, na ule moshi mzito wenye utamu wa kukinaisha uliingia kwenye mapazia, kwenye nywele, hata kwenye madaftari ya shule, kiasi kwamba mtu wa Rumonge akienda kwingine alitambulika kwa harufu kabla hajasema lolote. Dawa ya macho ndiyo iliyokuwa ngeni. Ilikuwa marhamu ya manjano ndani ya kikopo kidogo cha bati, na mama alimpaka dada yangu Goreti asubuhi na jioni, akimwinua kidevu kuelekea dirishani kama mtu anayetafuta tundu la sindano. Goreti alikuwa na miaka kumi na minne, mimi minane. Mwiba wa mchikichi ulikuwa umemchoma jicho la kulia alipokuwa akiokota chikichi chini ya mti ambao mashada yake yalikuwa yakikatwa. Mwanzoni jicho lilikuwa jekundu tu. Baadaye kikaingia kiwingu cheupe, na Goreti akaanza kumwaga chai pembeni ya kikombe, kisha anacheka kabla sisi hatujacheka.

Muuguzi wa zahanati yetu ndiye aliyeleta habari kwamba daktari wa macho kutoka ng'ambo angefika Bujumbura kwa siku chache, kwenye hospitali moja ya upande wa kaskazini wa jiji, na kwamba jina la Goreti lilikuwa limekubaliwa. Angeitwa asubuhi mapema, akiwa hajala kitu. Lisipofanyiwa upasuaji safari hii, muuguzi alimwambia baba, jicho hilo lisahauni. Kutoka Rumonge hadi Bujumbura si mbali. Barabara inafuata ziwa tu. Lakini ilikuwa vita. Magari yalisubiri askari wa kuyasindikiza, yakaenda kwa msururu, yakafika alasiri, na mtu aliyetaka kuonana na daktari asubuhi ilimlazimu alale jijini. Kwa hiyo safari yetu ya kwanza ya familia kwenda mji mkubwa ilianza kwa swali ambalo familia nyingine duniani hulijibu huku zikinywa chai: tulale wapi?

Kwa asiyeishi wakati ule, lazima nieleze. Baba yangu ni Mhutu, mama yangu ni Mtutsi. Bujumbura ya miaka hiyo ilikuwa imekatwa vipande. Kulikuwa na mitaa ambamo baba asingeweza kuvuka usiku akabaki hai, na mitaa ambamo mama asingeweza. Hakuna aliyekuuliza kabila lako; hilo lilikuwa swali la watu wasio na adabu. Walikuuliza kwa upole, wakati mwingine kwa tabasamu, "Munalala wapi?" Ukishataja mtaa, umeshasema kila kitu. Kuchagua mahali pa kulala kulikuwa kuchagua wewe ni nani, na sisi wanne, chini ya paa moja, hatukuwa na jibu lililokamilika.

Baba alikuwa karani kwenye kiwanda kidogo cha mawese, mtu wa kuhesabu mapipa mara tatu kabla ya kufunga mlango. Kwa wiki nzima, kila baada ya chakula, alipanga chikichi mezani kuwa ramani ya jiji. Moja kubwa ilikuwa hospitali. Karibu nayo aliweka Gasenyi, pembezoni kaskazini, alikokaa kaka yake, ambaye sisi tulimwita baba mkubwa. Kutoka pale mtu angeweza kwenda hospitali kwa miguu, kwa njia za nyuma ya nyumba, bila kugusa barabara kubwa. Lakini Gasenyi mama asingelala. Katikati aliweka Nyakabiga, alikokaa mdogo wake mama. Pale baba asingelala. Na huku chini kusini, mahali unapoingilia jijini ukitoka Rumonge, aliweka Kinindo: nyumba kubwa zenye bustani, watu wa mashirika ya misaada, magari yao meupe, walinzi getini. Kinindo hakuna aliyeuliza mtu alilala wapi, kwa sababu wenyeji wa pale walionekana kama hawana kabila, wana pasipoti.

"Mwende nyinyi wawili Gasenyi," mama alisema siku moja, akiwa anachambua maharage. "We na Goreti. Mi nabaki hapa na huyu mudogo."

"Apana."

"Ni usiku mumoja, Baba Goreti."

"Usiku mumoja ndiyo wanaanzaga nayo." Baba alizisogeza chikichi zikakaa karibu karibu. "Leo tunagawana kwa sababu ya hospitali. Kesho kwa sababu ya masomo. Kesho kutwa utasikia we uko kwenu na mi niko kwetu, na watoto wanatembelea. Si tuliwaona jirani?"

Tulikuwa tumewaona. Mume na mke wa nyumba ya pili walikuwa wametengana "kwa muda kidogo", mpaka mambo yatulie, na yule mama hakurudi hata kuchukua masufuria yake.

"Jicho ni ya mutoto," mama alisema. "Si ya we na mi."

Baba alizikusanya chikichi zake mezani. Alikuwa amekwisha kuamua. Nimeishi na uamuzi ule kichwani kwa miaka mingi, nikiugeuza huku na huku, na bado sijui kama ulikuwa upendo au kiburi. Siku nyingine naona kwamba kwa mwanaume wa wakati ule, mwenye mke wa upande wa pili, vitu hivyo viwili vilikuwa kitu kimoja.

Nyumba ya wageni ya Kinindo ilikuwa villa ya mjane mmoja mnene, mwenye sauti ya taratibu, aliyekuwa akikodisha vyumba tangu mumewe afariki. Sakafu ilikuwa nyekundu, imesuguliwa kwa nta mpaka unaona kivuli chako, na ilinukia vizuri kuliko chochote nilichowahi kunusa. Chumba kilikuwa na vitanda vinne. Mjane alitutazama tumesimama mlangoni na mizigo yetu yenye harufu ya mawese, akamtazama baba, akamtazama mama, pua zao, urefu wao, kama walivyozoea watu wote kutazama, halafu akasema tu, "Karibuni. Watoto wavue viatu, mi ndiye ninasugua hii sakafu." Baba alicheka. Sijui kama nilikuwa nimemsikia akicheka mwaka ule. Jioni tulikaa kwenye baraza, tukaliona ziwa kati ya miti ya bustani, na baba akamwambia mama, "Umeona? Tuko wote." Mama alitingisha kichwa kukubali. Goreti alikula sana, kwa kuwa kesho asingekula, na aliniambia kwamba wakimfungua jicho kitu cha kwanza atakachotazama ni pua yangu, kuhakikisha kama ni mbaya kama anavyoikumbuka.

Asubuhi hakukuwa na sauti. Hilo ndilo jambo ninalolikumbuka kuliko mengine: jiji kubwa lisilotoa sauti. Teksi ambayo baba aliipanga haikuja. Mjane alitoka mpaka getini, akazungumza na mlinzi wa jirani, akarudi akiwa amejifunga kanga mabegani kama mtu mwenye baridi.

"Ni ville morte," alisema. "Wamefunga kote."

Mji mfu. Ndivyo walivyoita siku zile ambapo vijana wa mitaa walifunga barabara kwa mawe na magogo, maduka yakabaki yamefungwa, na yeyote aliyejaribu kupita katikati ya jiji alipigwa mawe, au jambo baya zaidi. Kutoka Kinindo kwenda hospitali ilibidi upite katikati ya jiji. Hakukuwa na njia ya nyuma ya nyumba. Kinindo palikuwa salama kwa sababu palikuwa mbali na kila kitu, na sasa palikuwa mbali na kila kitu. Baba alikwenda nyumba hadi nyumba akiomba gari. Nilimwona kupitia uzio, kofia mkononi, akiongea na walinzi. Magari meupe yalikuwa yamejipanga ndani ya mageti, yamesafishwa, yanang'aa, na kila mlinzi alirudi na jibu lile lile: mabosi wameambiwa wasitoke. Goreti alikuwa ameketi kitandani na gauni lake la kanisani, tumbo tupu, mikono mapajani, jicho lake likiwa limesafishwa vizuri na mama. Alikuwa amevua viatu ili asichafue sakafu.

Kisha simu ya koridoni ikalia. Baba mkubwa alikuwa ametembea kutoka Gasenyi mpaka hospitali, na muuguzi mmoja alikuwa amemruhusu apige. Alikuwa na sauti ya watu waliozoea kuitana mashambani, tulimsikia sote.

"Muko wapi?"

"Kinindo."

"Bado? Hapa wameshaita jina ya mutoto. Nimesema yuko njiani."

"Njia imefungwa, kaka."

"Huku haijafungwa. Watu wa huku wamekuja na miguu, wamejaa kwenye mulango. Mi nilikuambia ulale kwangu. We umeenda kulala kwa wazungu. Sasa waambie hao wazungu wakukopeshe ndege."

"Sema tena yuko njiani," baba alisema. "Tafadhali."

Baba mkubwa aliendelea kusema hivyo. Alitusimulia baadaye, bila kejeli tena. Alisimama mlangoni asubuhi yote, na kila lilipoitwa jina la Goreti alijibu "yuko njiani", mpaka muuguzi akaona aibu kumtazama, na mahali pake akaingizwa mtoto mwingine aliyekuwa pale. Sisi tulisikia ndege wa bustani. Mchana mama aliomba uji jikoni akamletea Goreti, na Goreti alipouona uji ule alielewa. Hakulia. Aliunywa wote, akauliza kama kuna sukari.

Barabara zilipofunguliwa tulikwenda. Hospitalini tulikuta mafundi wakikunja vitanda vya chuma, na muuguzi akatuambia daktari alikuwa ameshapanda ndege. Baba alimwomba amtazame mtoto hata yeye, na yule muuguzi alimwinua Goreti kidevu kuelekea dirishani, akatazama, akamshushia kidevu polepole. Tulirudi Rumonge na msururu wa magari, wanne kama tulivyotoka. Jicho lilififia mpaka likawa kama punje ya mahindi meupe.

Ningekuwa mwongo nikiishia hapo. Majuma machache baadaye habari zilifika kwamba askari walikuwa wamepekua Gasenyi nyumba kwa nyumba, kwamba watu walikimbilia Kajaga ufukweni na wengine hawakufika, na kwamba baba mkubwa mwenyewe alilala kwenye mitumbwi ya wavuvi na watoto wake. Baba alizisikia habari hizo tukiwa mezani. Aliweka kijiko chini. "Mumeona?" alisema. Goreti aligeuza shingo, kwa sababu baba alikuwa upande wa jicho lililokufa na ilibidi ageuke mzima ili amwone, akamtazama kwa muda mrefu, halafu akarudi kwenye sahani yake. Nimehesabu mara nyingi: upekuzi ulikuja baadaye, si usiku ule. Kisha najijibu kwamba baba asingeweza kujua ni usiku upi. Kisha najijibu tena. Hesabu hiyo haifungi.

Mwaka huu nilihitimu chuo kikuu, Bujumbura, na familia ikaja kwenye sherehe. Mimi ninakaa chumba kimoja na wenzangu wawili, hivyo ilikuwa zamu yangu kuwatafutia hoteli. Nilifanya kazi hiyo kama mgonjwa. Nilisoma maoni ya wageni kwenye mtandao mpaka nikayajua kwa moyo. Nilipiga simu kuuliza kama kuna geti la pili. Nilipanda pikipiki asubuhi kupima safari kutoka kila hoteli hadi ukumbini, kwa njia kubwa na kwa njia ndogo, wenzangu wakiniuliza kama namleta rais. Mwishoni nilichagua moja ya katikati ya jiji, ya kawaida, yenye chumba kikubwa cha vitanda vinne, nami nilale nao. Mtandao ulitaka kujua kama tunahitaji kifungua kinywa na kama kuna anayevuta sigara. Leo mtu yeyote analala mtaa wowote, na watoto wanaozaliwa sasa wanadhani ilikuwa hivyo siku zote.

Basi la Rumonge lilifika alasiri. Mama alishuka, akashuka baba na fimbo yake, akashuka Goreti, ambaye siku hizi anauza vitenge na huja jijini mara kwa mara kununua mali. Alinikumbatia, akasema nimekonda kwa masomo yasiyo na kichwa wala miguu, na akaita pikipiki.

"Mi naenda kwa baba mukubwa," alisema. "Tutaonana kesho kwa sherehe."

"Mudogo yako ametafuta hoteli nzuri," baba alimwambia. "Iko na nafasi yetu wote."

"Ni sawa, baba. Mulale vizuri."

Alipanda nyuma ya dereva, begi mapajani, wakaelekea kaskazini. Hafanyi hivyo kwa hasira, au kama ni hasira imeshakuwa tabia. Tangu alipoweza kusafiri peke yake hajawahi kulala penginepo jijini ila Gasenyi, na hakuna aliyewahi kumuuliza sababu.

Hotelini baba alisogea mwenyewe mpaka kaunta, akaweka fimbo ukutani, akanyoosha koti. Msichana wa mapokezi alifungua daftari lake la wageni.

"Muko wangapi, mzee?"

"Tuko wane," baba alisema.

"Watatu," mama alisema nyuma yake, taratibu.

Msichana alimtazama baba, akamtazama mama, kisha akanitazama mimi, kalamu hewani. Baba hakugeuka.

"Andika watatu," nilimwambia.