Mbuzi wa Ishiara Hawahesabiwi

Jamani, kuna mwanambuzi amefungwa kwa kiti changu hapa ofisini Embu! Nawaandikia nyinyi tuliosoma nanyi masters kabla hajatafuna waya wa kompyuta.

Leo tulikuwa Ishiara na daktari wa mifugo, kukutana na wafugaji. Mbuzi wanakufa, na bila idadi yao hatuletewi chanjo.

Daktari akauliza, "Mama, uko na mbuzi wangapi?"

Mmoja wao akaanza kuondoka. Kumbe huku kuhesabu mali ya mtu ni kuiletea mkosi.

Nikakumbuka darasa letu la anthropolojia. Nikamwambia mama mzee mmoja wa rika la nyanya yangu, "Cucu, hebu nijulishe kwa mbuzi wako."

Weh! "Huyu alizaa pacha. Yule wa pembe moja ni mwizi wa mahindi..." Wote wakaanza kusimulia, daktari akaandika kila mbuzi mstari wake mpaka mkono ukauma.

Chanjo inakuja! Namshukuru Mungu kwa hiyo masters ambayo nyumbani waliniuliza ni ya kazi gani.

Tukiondoka, Cucu akanipa huyu mdogo. "Mpeleke kwa wenzake huko kwako."

"Asante Cucu, lakini mimi sina hata mmoja."

Akaniziba mdomo na kiganja. "Kwani nimekuuliza ni wangapi?"

Haya, chekeni. Halafu mnitumie jina la mbuzi.