Mkwe wa Zamu ya Asubuhi

Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Ya walio hai tunaijua sisi tunaofanya kazi katika makao ya wazee hapa Kasulu, na tunanyamaza. Asubuhi unapita kitanda kwa kitanda na beseni la maji ya uvuguvugu: unavua nepi, unaosha, unakausha, unapaka mafuta. Ukichelewa, ngozi ya mzee haikusubiri. Mwaka juzi niliyafanya hayo yote bila kuhisi kitu. Mume wangu, Muha wa Murungu aliyenitoa kwetu Tanga, alikuwa ameniacha, na sikuwa nimemwambia mtu.

Akaletwa bibi mmoja, naye wa Murungu. Aliniuliza nimeolewa wapi, nikamtajia ukoo. Akapiga makofi kwa furaha.

"Yeee! Kumbe we ni mkwe wangu kabisa!"

Wenzangu wakacheka. Nikadhani ni utani wa wazee.

Hakutania. Mkwe haoni uchi wa mama mkwe, basi. Tangu siku hiyo, nikisogea na beseni anavuta blanketi hadi kidevuni. "Mimi nimekauka, mkwe. Nenda kwa wengine."

Hakuwa amekauka, harufu haina adabu. Alimsubiri mwenzangu wa zamu ya mchana, ambaye alimwogesha bila shida. Nusu siku nzima analala kwenye mkojo, eti kwa kuniheshimu mimi.

Kisha mwenzangu akafiwa, akaenda kwao Kibondo, na zamu yake nikapewa mimi. Kabla ya kuondoka aliniambia ngozi ya bibi imeanza kuchubuka makalioni. "Kikiwa kidonda kitamzika yule," alisema.

Asubuhi iliyofuata nilibembeleza. Nikafoka pia, maana hasira zangu ziko karibu. Bibi akageukia ukutani.

"Umri huu ndo nimvulie mkwe nguo? Niache nioze."

Nikaweka beseni chini. "Bibi, mimi si mkwe wako. Mume wangu ameniacha. Ameoa mwingine, yuko naye hukohuko Murungu."

Nilisema kama mtu anayetaja siku ya gulio. Nilingoja machozi, hayakuja. Hata aibu sikuiona.

Bibi aligeuka, akanitazama. Hakunipa pole. Alishusha blanketi mwenyewe, akainua mikono nimvue gauni.

"Basi niogeshe, mwanangu," alisema. "Maji yasipoe."