Mgeni Rasmi wa Darasa la Tatu

Shule ya binti yangu hapa Lushoto ilinialika niwe mgeni rasmi siku ya wazazi, nizungumzie namna ya kulea watoto huku kazi zimekubana. Kwa nini walimchagua daktari wa upasuaji, sijui. Labda walidhani anayejua kushona tumbo hashindwi kushona familia. Nilikubali upesi; mtu akisifiwa kwa asichokuwa nacho, nani hukanusha?

Nilichelewa saa nzima, kwa ajili ya mgonjwa wa ngiri kutoka Shume. Nikaingia darasa la tatu kwa madaha, nikajikunja kwenye kidawati, magoti karibu na kidevu.

"Shikamoo, daktari!" watoto wakaniamkia.

"Marahaba," nikaitikia, macho yakimtafuta binti yangu.

Mwalimu akaniinamia sikioni. "Samahani, daktari. Mwanao yuko la nne."

"Tangu lini?"

"Januari."

Tulikuwa Septemba. Mama mmoja nyuma yangu akajiziba mdomo kwa khanga, lakini mabega yalimsaliti.

Hotuba niliisoma hata hivyo, ukumbini mbele ya madarasa yote, kurasa zote tatu. Niliwahimiza wazazi wafuatilie maendeleo ya watoto wao. Mke wangu, aliyeketi mstari wa mbele, alikuwa anaangalia milima dirishani. Binti yangu alipiga makofi kwa adabu, kama anavyowapigia viongozi wa wilaya.

Mke wangu hakunigombeza. Jumatatu alikwenda hospitali, akazungumza na muuguzi anayepanga ratiba ya upasuaji. Mchana nikaiona ratiba ukutani: Jumamosi, saa nne asubuhi, jina la binti yangu. Nikampigia simu mama yake.

"Mtoto anaumwa nini?"

"Haumwi. Anamtaka baba yake. Nasikia aliyeandikwa hapo humkosi."

Nilifoka kwamba ratiba ya wagonjwa si mahali pa mzaha. Muuguzi, kalamu mkononi, akaniuliza afute? Nikaichukua kalamu, nikaitia mfukoni.

Jumamosi nilifika nyumbani saa nne kasoro robo. Binti yangu alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani, kisha akamwuliza mama yake kwa Kishambaa, taratibu, kama nimefukuzwa kazi. Mama yake akamwambia bado.

Wakanikaribisha jikoni, nikapewa viazi nimenye. Nilimenya vitatu kwa nusu saa, kwa ustadi mkubwa, hadi mke wangu akaninyang'anya kisu ili tupate chakula cha mchana.