Moshi wa Fontanazza

Liborio Scozzari, mume wa shangazi yangu Diega, alimuua mtu kwa salfa iliyoyeyuka na hakuwahi kukana. Alifanya hivyo saa ile ile baba yangu alipouawa. Mengi ya siku ile nimeyapata kwa mama, aliyekuwepo. Mengine Liborio mwenyewe aliniambia uzeeni.

Alikuwa mtu wa tanuri. Pale Fontanazza, mgodi wa Don Saverio, wenzake walichimba mawe na kuyapandisha juu kwa migongo. Kazi yake yeye ilikuwa kuitoa salfa ndani ya mawe hayo. Yalirundikwa kwenye shimo la duara ubavuni mwa mlima, yakafunikwa kwa vumbi la mawe yaliyokwisha kuungua, kisha yakawashwa kwa juu. Salfa kidogo iliungua, joto lake likaiyeyusha iliyobaki, nayo ikachuruzika hadi chini na kuyaacha mawe matupu. Huko chini palikuwa na mdomo uliozibwa kwa udongo. Liborio aliweka kiganja ukutani, akasikiliza joto, akasema "bado" au "leo". Akisema leo, aliutoboa mdomo kwa mtaimbo, salfa ikatoka nzito na ya kahawia kama mafuta yaliyotumika, ikajaa kwenye masanduku ya mbao yaliyoloweshwa, ikaganda na kuwa njano.

Hakuwa mpole. Ujanani alimvunja taya mtu aliyemwambia kilabuni kuwa ananuka jehanamu. Alipokuja kumposa shangazi, baba yangu Vanni alimwambia, "Shemeji, ukimgusa dada yangu kwa mkono huo, mimi nina mundu wa kupogolea mizabibu, na mizabibu yenyewe ni michache." Wakacheka, wakanywa, na tangu hapo walikuwa kama ndugu wa tumbo moja.

Sheria ilikataza kuwasha matanuri kabla mavuno hayajaisha, kwa kuwa moshi wake huunguza mazao. Mwaka ule, Aprili haijamalizika, Nardo Vullo, msimamizi wa Don Saverio, alikuja tanurini na walinzi wawili wenye bunduki.

"Washa," akasema.

"Ngano bado iko shambani," Liborio akajibu.

"Ngano ya nani?"

"Ya watu. Ya shemeji yangu iko pale chini, upepo unamwendea moja kwa moja."

"Basi mwambie shemeji yako auhamishe upepo."

Walinzi wakacheka. Liborio akaulaza mwenge chini. Nardo akamgonga mdomoni kwa kitako cha bunduki, meno yakatoka, na alipoanguka akampiga mateke ya mbavu bila haraka, kama mtu anayekanyaga udongo wa kujengea.

"Meli zinangoja bandarini Licata," Nardo akasema. "Uwashe wewe, au awashe mwingine na wewe na mkeo mkalale barabarani. Mimi kwangu ni sawa."

Liborio akatema damu, akaokota mwenge, akawasha.

Mimi leo nafundisha kemia katika shule ya wasichana, na kila mwaka nafika mahali pa kuueleza moshi ule. Salfa ni elementi. Uiponde, uiyeyushe, uigandishe, atomi zake ni zile zile. Mambo hubadilika ikiungua: kila atomi ya salfa hushikana na atomi mbili za oksijeni, na kinachozaliwa si salfa tena wala si hewa ya kupumua. Ni kampaundi, gesi inayokaba koo. Ikikutana na maji hugeuka kuwa asidi, na maji yako kwenye umande, kwenye jani, kwenye jicho, kwenye pafu.

Iliteremka kwetu kila alfajiri. Majani ya mizabibu yalitoka madoa meupe, yakajikunja. Ngano ilisimama na masuke matupu. Nyumbu wetu alipofuka, akawa anajigonga ukutani hadi paji likachanika, na baba akammaliza kwa shoka nyuma ya zizi. Siku ile ile, mikono bado ina damu ya mnyama, alikwenda kwa Liborio akamkuta mezani.

"Nani aliwasha?" baba akauliza, amesimama mlangoni.

"Mimi."

"Walikupiga?"

"Si unauona mdomo wangu."

"Nauona. Nimeuliza mkono uliowasha ni wa nani."

"Wangu, Vanni."

Baba akamrukia. Meza ikapinduka. Liborio alikubali ngumi za mwanzo bila kujikinga, kisha mwili wake ukakumbuka mazoea, akamshika baba koo na kumbamiza ukutani mara kwa mara, hadi picha ya mtakatifu ikaanguka ikavunjika. Shangazi Diega alichukua sufuria ya supu ya baazi za kizungu jikoni, ya moto, akawamwagia wote wawili.

"Mkitaka kuuana tokeni nje," akasema. "Sakafu nimeiosha asubuhi."

Wakakaa chini wakihema, supu inawatiririka. Baba akajipangusa macho.

"Kesho tunapanda kulibomoa tanuri," akasema. "Sisi wote wa chini. Wewe usiwepo."

"Kesho salfa iko tayari. Nitakuwepo."

"Usiwepo, shemeji. Nakuomba."

Asubuhi walipanda, wanaume na wanawake, wakiwa na majembe, miundu na nyundo. Nardo aliwasubiri kwenye handaki lililo mbele ya mdomo wa tanuri, ameupa mdomo mgongo, bunduki mkononi. Masanduku yalikuwa hayajapangwa. Liborio alisimama pembeni, juu kidogo, na mtaimbo wake.

"Rudini," Nardo akasema.

Baba akaendelea kutembea. "Shuka uione ngano yetu, Nardo. Uione tu, halafu uniambie nirudi."

Nardo akampiga risasi ya kifua. Mama anasema baba alipiga magoti taratibu, kama mtu kanisani, akaegemea nyundo yake. Watu wakaanza kurusha mawe. Mlinzi mmoja alifyatua, akamkata jirani yetu vidole; mwingine aliangushwa na wanawake, wakampiga kwa mawe usoni hadi hakutambulika, ingawa alipona. Katika ghasia zile Nardo alikuwa akipakia tena bunduki.

"Nardo," Liborio akaita.

Nardo akageuka.

Liborio akautoboa mdomo kwa pigo moja. Salfa ikamfikia Nardo magotini, ikajaza handaki, ikaingia kwenye buti. Haimwagiki mwilini kama maji. Hunata, na inapoganda huganda na ngozi. Alianguka kwa mikono, na mikono ikabaki humo. Kisha ikashika moto, ule moto wa buluu usioonekana vizuri juani, kwa hiyo waliokuwa mbali walidhani mtu anapiga kelele bila sababu. Mlinzi aliyesalia alimvuta akamtoa, na sehemu yake nyingine ikabaki. Alikufa baada ya siku chache, na siku zote hizo alikuwa na fahamu.

Liborio hakutazama. Alishuka kwa baba, akakaa, akakipakata kichwa chake. Baba alikuwa amekwisha kukata roho. Askari walipokuja walimkuta anamfuta vumbi usoni kwa mate na kidole gumba, wakampiga kidogo kwa desturi, wakamfunga pingu.

Mahakamani wakili alimwomba aseme mtaimbo uliteleza.

"Haukuteleza," Liborio akamwambia hakimu. "Nilimwita jina kwanza ili ageuke."

Don Saverio hakuitwa hata kama shahidi. Wakati Liborio anakula kifungo chake, shangazi alinilea pamoja na mama, akanipeleka shule kwa kufua nguo za watu.

Liborio aliporudi alikuwa na mvi. Mdogo wa Nardo alimsubiri kwenye bomba la maji uwanjani, mchana, watu wakiona, akamchana kwa kisu kutoka sikioni hadi kidevuni. Liborio aliiacha mikono yake ining'inie.

"Umemaliza?" akauliza.

"Bado."

Akamchana shavu la pili. Damu ilimwagika ndani ya birika la kunyweshea punda.

"Sasa je?"

Yule kijana akalia, akaondoka. Shangazi alimshona mumewe nyumbani kwa uzi wa magunia, akimlaumu kwa kuharibu shati la pekee alilokuwa nalo.

Wakahamia Trapani, kwenye mashamba ya chumvi. Huko maji ya bahari huachwa kwenye vidimbwi, jua linayakausha, chumvi inabaki, hakuna kinachounguzwa. Nilimtembelea baada ya vita kuu, tayari nikiwa mwalimu. Tulikula dagaa na nyanya kwenye ukingo wa kidimbwi, na katika kuongea nikamwambia kwamba chumvi nayo ni kampaundi: nusu yake ni metali inayolipuka ikiguswa na maji, nusu nyingine ni gesi ile ile iliyowaua askari kwenye mahandaki vitani.

Aliacha kutafuna. "Hii hapa?"

"Hiyo hapo. Zikishikana zinatulia."

Akaokota punje ya chumvi kwa ncha ya kidole, akaitazama.

"Hiyo gesi ya vitani," akauliza, "ilikuwa na rangi?"

"Kijani, yenye unjano. Wanasema waliiona inakuja."

"Yetu haikuwa na rangi," akasema, akanisogezea dagaa waliobaki.