Aliyefunga Kanga za Juu

Bwawa la kuogelea la magorofa yetu mjini Irving, huku ughaibuni, limezungushiwa vyuma vyembamba tu. Mtu akiegesha gari anaona mpaka ndani. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi, saa ya wanawake, tulikuwa tunaliziba kwa kanga na mashuka. Kanga za chini nilizifunga mimi. Za juu, za kuzuia macho ya watu wa roshani, zilitundikwa kwenye kamba iliyotoka nguzo ya taa hadi kibanda cha kuchomea nyama. Hizo alizifunga jirani wa ghorofa ya tatu, kwa sababu alikuwa mrefu na hakuhitaji kiti.

Alikuwa Mkongo, na kazi yake ilikuwa kusukuma wazee kwa viti vya magurudumu uwanja wa ndege. Shangazi yangu alimwita Binti Mrefu. Alimfundisha kusema shikamoo, na tangu hapo hakuacha kuisema, hata wakikutana mara tatu kwa siku.

Saa ile shangazi ndiye aliyeiomba kwa meneja. Alikuwa amevunjika nyonga, wakamwekea ya bandia, na daktari akamwambia atembee ndani ya maji, la sivyo mguu utakakamaa. Mimi niliishia darasa la saba Tanga, nikakaa nyumbani mpaka aliponileta nimsaidie. Lakini shangazi ni mzito na mimi ni mdogo wa mwili. Kwenye maji nilimwachia Binti Mrefu. Alimshika, akatembea kinyumenyume mbele yake, taratibu, toka ngazini hadi ukuta wa pili.

Ndege zinazotua hupita chini sana pale. Siku moja ndege ilipita shangazi akiwa katikati ya maji, kichwa wazi.

"Rubani naye ni mwanamume," akasema mtu.

"Aangalie," shangazi akajibu. "Ataona nini? Nyonga ya chuma."

Tulicheka sana. Nadhani hizo ndizo asubuhi alizozipenda kuliko zote tangu afike nchi hii.

Kilichoharibu mambo kilitokana na mapenzi. Shangazi alimpenda yule binti hata akamtafutia mume.

"Mpwa wangu yuko Missouri City," alimwambia wakitembea majini. "Alifiwa na mkewe. Hanywi, hana kelele, ana nyumba. Mambo ya dini tutayazungumza."

"Mama, miye?"

"Wewe. Mkono unaonishika hivi niuache uende kwa watu baki?"

Muuguzi mmoja Mkenya, aliyewahi kumwona huyo mpwa, alikuwa amekaa ngazini karibu yangu. "Anti, sema ukweli wote," akasema. "Ako na kipara."

"Kipara ni heshima. Anakuja Jumamosi ijayo."

Binti Mrefu akasimama. Shangazi naye akasimama, kwa kuwa hakuweza kwenda bila yeye.

"Mama, sitaki ule kaka asafiri bure," akasema. Hakupaza sauti, lakini juu ya maji sauti haifichiki. "Miye nilipozaliwa waliniita mtoto mwanaume. Mwenyewe najijua mwanamke tangu utoto, na ndivyo ninavyoishi. Nimeona heri uyasikie kwangu."

Muuguzi aliacha kucheka. Shangazi alitazama ngazi.

"Nitoeni," akasema.

Niliingia nikamshika mkono wa pili. Miguu yangu iliteleza, na shangazi akazama mpaka kidevuni.

"Kadada, kamata tu mutandio wake," Binti Mrefu akaniambia. "Nitamutoa miye."

Akamtoa, kama siku zote. Shangazi alikaa kwenye kiti, akajifunika kichwa na mabega, na hakusema hata ahsante. Si kawaida yake.

Wiki ile alimpigia simu mpwa wake, akamwambia binti ameshapata mchumba.

Jumamosi iliyofuata tulikuta kanga za juu zimeshafungwa, na aliyezifunga hayupo. Wanawake walibishana wakiwa wamesimama, maji hayajaguswa.

"Mimi wodini nahudumia kila mtu," muuguzi alisema. "Lakini hapa tulisema wanawake peke yao."

"Na yeye amekwambia ni mwanamke," akasema mwanafunzi mmoja wa kutoka Dodoma. "Siku zote hizi anakufungia mapazia, amekukosea nini?"

"Sijasema amenikosea."

"Sasa?"

"Sasa sijui. Usinifanye mtu mbaya."

Walimgeukia shangazi, kwa kuwa saa ilikuwa yake. "Sina neno baya juu yake," akasema. "Lakini mimi nilivua mtandio. Kama sikupaswa kuuvua mbele yake, nani atanirudishia sitara yangu? Na kama si kosa, mbona moyo wangu hautulii?"

Muuguzi alikwenda kwa meneja, akarudi na jibu kwamba saa ile ni ya kila mwanamke anayekaa pale, na jirani yetu ni mmoja wao, tukigombana ataifuta. Kwa hiyo hakuna aliyemfukuza Binti Mrefu. Alijiondoa mwenyewe, ila kanga aliendelea kuzifunga alfajiri kabla hatujashuka.

Nilikuwa na maneno ya kusema. Huwa yananijia nikiwa naosha vyombo. Nilifaulu kuyasema mara moja tu.

"Shangazi, ni yule yule."

"Najua ni yule yule," akasema. "Ndicho kinachoniuma."

Nilikutana na Binti Mrefu chumba cha kufulia. Aliniuliza nyonga ya mama inaendeleaje. Nikasema haijambo. Haikuwa kweli, shangazi alikuwa ameanza tena kushika kuta. Akanionyesha jinsi ya kumshika, chini ya kwapa, si mkononi. Nilijaribu Jumamosi mbili. Tulifika maji ya kiunoni, miguu ikaniteleza, shangazi akasema basi, turudi.

Kisha ikaja Jumamosi ya upepo. Shangazi alikuwa ngazini, kichwa wazi, na kanga moja ya juu ikachomoka upande wa maegesho. Wanawake walikimbilia taulo. Mwanafunzi alipanda kiti, hakuifikia kamba.

"Nenda kamwite," shangazi akaniambia, mtandio ameushika kwa mikono miwili.

Nilipanda mpaka ghorofa ya tatu, nikabisha hodi. Nilitaka kumwambia njoo uingie nasi. Nikasema, "Kanga imefunguka."

Alishuka akiwa amevaa sare ya kazi. Hakuingia getini. Aliifunga kanga akiwa upande wa nje, na kwa chini tuliona viatu vyake tu.

"Shikamoo, mama," akasema nyuma ya kitambaa.

Shangazi aligeukia sauti.

"Marahaba, mwanangu."

Viatu vilibaki pale kidogo. Shangazi alivitazama, midomo ikacheza, nikangoja. Nilimwomba Mungu shangazi amwambie aingie, kwa kuwa mimi sikuweza. Kisha viatu vikageuka.

"Keshaondoka?" akauliza.

"Keshaondoka."

"Haya. Nishike."

Nikamshika chini ya kwapa kama nilivyofundishwa. Akashuka ngazi ya kwanza, akashuka ya pili, maji yakamfika magotini. Akanielemea. Mbele yetu maji yalikuwa matupu hadi ukuta wa pili, nami sikuweza kumpeleka. Tukasimama hapo mpaka saa yetu ikaisha.