Harufu Kwenye Kaburi la Mama

Mama alizikwa kwenye migomba nyuma ya nyumba, masika ya vita vya Mjerumani, wakati vijana wa mlimani walikuwa wamechukuliwa kubeba mizigo ya jeshi. Kwetu Uluguruni mfiwa hashiki jembe. Kaburi huchimbwa na watani, watu wa ukoo mwingine wenye ruhusa ya kututania hata msibani. Siku ile watani waliobaki walikuwa wazee na wanawake. Mvua inanyesha, udongo unaporomoka, nao wanahema tu. Baba alivumilia weee, mwisho akaingia shimoni akamalizia mwenyewe.

Mjomba, kaka yake mama, alimtazama tu. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa ukoo wetu, na ardhi tuliyolima ilikuwa ya ukoo huo. Baba alikuwa mtu wa Mlali, aliyepanda mlimani kwa ajili ya mke.

Mvua zilipopungua, harufu ikaanza. Ilikuwa harufu ya mzoga, sina neno la adabu zaidi. Ilitufuata mpaka jikoni. Majirani wakaanza kupita njia nyingine, na mjomba akaja ameziba pua kwa shuka.

"Shemeji, umemfukia dada yangu kama mbwa," alisema. "Kaburi halina kina. Ungewaachia watani, haya yasingetokea. Nataka uondoke."

Baba alichukua jembe akaenda kwenye migomba, nami nikamfuata mbio, maana niliogopa atafukua. Kaburi hakuligusa. Alipiga magoti akawa ananusa ardhi, akasogea, akanusa tena, mpaka akafika kwenye gogo lililooza pembeni. Nzi walikuwa wamejaa pale.

Ulikuwa uyoga. Mguu wake mweupe ulikuwa na vitundu vitundu, kichwa kimejaa ute mweusi, na kutoka kichwani ulining'inia wavu mweupe mpaka karibu na ardhi. Kando yake palikuwa na kitu kama yai la kuku. Baba alikipasua, na ndani tukaukuta mwingine umejikunja. Mimi nilikuwa nikichuma uyoga tangu utotoni, na wa namna ile sikuwahi kuuona.

Tulimwita bibi mmoja, mtani wetu, aliyekuwa miongoni mwa wachimbaji. Aliinama akautazama.

"Bibi harusi huyu kavaa shela," alisema, "ila kuoga hajaoga tangu azaliwe. Ng'oeni, na mayai yake, mchome mbali na nyumba."

Baba alicheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nikajua tumepona. Kabla ya kuuchoma alimwita mjomba. Mjomba aliunusa, akatema mate pembeni.

"Nimeona, shemeji. Ni uyoga," alisema kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza kuliko matusi. "Lakini watu wameshanusa maiti. Nitapita nyumba ngapi kuwaambia ni uyoga? Na jembe ulilishika, hilo hukatai."

Baba aliuchoma uyoga kwa majani makavu ya mgomba, akafagia majivu. Jioni hewa ilikuwa safi kabisa. Asubuhi akafunga mzigo wake. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo sisi watoto tulibaki, hatukuwa na la kuchagua. Nilimchukia mjomba mpaka alipokufa, na bado sijamsamehe. Wadogo zangu walimuuliza baba atarudi lini, naye akawaambia wamsikilize mjomba wao.